Waisraeli wa Kale na Wafugaji wa Bonde la Ufa

Maneno ya hotuba ya juma hili, yaliyotungwa kwa ajili ya wakaaji wa Karagita, Naivasha



Katika Bonde la Ufa kuna swali ambalo halizeeki. Huulizwa watu watokapo kanisani, huulizwa ndani ya matatu ipitayo kandokando ya ziwa, na huulizwa na vijana walio bado shuleni: Je, ni kweli kwamba baadhi ya makabila ya Kenya ni wana wa Israeli waliopotea? Wako wasemao hivyo juu ya Wamasai, nao wako wasemao hivyo juu ya makabila yao wenyewe. Neno hili lastahili kujibiwa kwa utaratibu, kwa sababu halikuanza jana, na tena kwa sababu katika nchi hii maneno juu ya asili ya watu yamekwisha kuwatoa watu majumbani mwao.

Aliyelipeleka jambo hili vitabuni alikuwa ofisa wa jeshi la Kijerumani, jina lake Moritz Merker. Siku za utawala wa Wajerumani alikaa Moshi, akawauliza wazee wa Kimasai juu ya mambo ya zamani, na mwaka wa 1904 kitabu chake kikubwa, Die Masai, kikachapishwa huko Berlin. Katika jina la kitabu chenyewe aliwaita Wamasai taifa la Kisemiti, yaani ndugu wa Waebrania na Waarabu. Hoja yake ilikuwa kwamba zamani za kale sana Wamasai na wazazi wa Waisraeli walikuwa watu wamoja, kisha wakaachana.

Ushahidi alioutegemea zaidi ulikuwa hadithi. Aliandika habari za mtu wa kwanza, Maitumbe, na mkewe Naiterogop. Aliandika amri za Mungu ambazo hesabu yake ni kumi. Na aliandika habari za mtu mwema aitwaye Tumbainot, aliyekuwa na wana watatu, na ambaye ndugu yake alipokufa alimwoa mjane wake. Siku zile watu walikuwa wamezidi duniani, nao walikuwa waovu. Baada ya mauaji kutendeka Mungu akakusudia kuwaangamiza. Tumbainot peke yake akapata kibali. Akaagizwa kujenga sanduku kubwa la mti, akaingia pamoja na wake zake, wanawe na wake zao, na wanyama wa kila namna. Mvua ikanyesha hata watu na hayawani wote wakafa maji.

Mpaka hapo kila aliyesoma Mwanzo anaifahamu njia. Lakini msikilizaji na atazame yanayofuata. Tumbainot alimtuma njiwa, naye akarudi amechoka, dalili ya kwamba hakuona pa kutua. Kisha akamtuma tai mla mizoga, na mkiani mwake akamfunga mshale, ili ndege huyo akitua kula mzoga mshale ukwame mahali na kung'oka. Jioni tai akarudi bila mshale. Ndipo Tumbainot akajua kwamba maji yamepungua na nchi imeonekana. Alipotoka aliona pinde nne za mvua, moja kila upande wa mbingu. Mambo ya tai na mshale hayamo katika Torati. Ni akili ya mtu aliyekaa nyikani na kuona tai wakishuka juu ya mizoga, na hakuna haja ya kumtafutia mtu huyo babu Yerusalemu.

Mwaka mmoja tu baada ya Merker, yaani mwaka wa 1905, Mwingereza A. C. Hollis alitoa kitabu chake juu ya lugha na hadithi za Wamasai. Naye alikuwa amekaa na wazee, na lugha yao aliijua vizuri. Walakini wazee wake hawakumsimulia habari za sanduku wala gharika. Walimweleza kwamba mwanzo wa nchi alikuwako Mdorobo, na tembo, na nyoka, wakikaa pamoja. Na kwamba ng'ombe waliteremshwa kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, mpaka Mdorobo alipopiga kelele kwa mshangao na ng'ombe wakakoma kushuka. Kwa sababu hiyo wenye elimu wengi walizitilia shaka hadithi za Merker, wakidhani kwamba maneno ya wamisionari yalikuwa yamekwisha kuchanganyika na maneno ya wazee. Mwenyewe alikataa dhana hiyo. Alikufa mwaka wa 1908, na kitabu chake kikachapishwa mara ya pili mwaka wa 1910.

Lakini haifai kupima kama watu fulani ni Waisraeli kabla ya kujua Waisraeli wenyewe walikuwa nani. Hapo ndipo mazungumzo mengi yanapopotea.

Torati yasimulia kwamba Ibrahimu alitoka Uru, katika nchi ya mito miwili, akaja Kanaani na mifugo yake. Kwamba mjukuu wake Yakobo alipewa jina la Israeli, akazaa wana kumi na wawili. Kwamba wazao wao wakawa watumwa Misri, wakatolewa na Musa, wakapokea sheria Sinai. Hayo ni maneno ya imani, na mamilioni ya watu huyashika. Kando ya maneno hayo yako mambo ambayo wachimbaji wa vitu vya kale wameyatoa ardhini, nayo yafaa kujulikana na kila asomaye Biblia.

Mwaka wa 1896, mahali pa Misri palipoitwa Thebes, lilipatikana jiwe lililochongwa kwa amri ya Farao Merneptah yapata mwaka wa 1208 kabla ya Kristo. Farao huyo alijisifu kwa ushindi wake. Alitaja miji kadhaa ya Kanaani, kisha akataja Israeli, akidai kwamba mbegu yao haiko tena. Ni watu wachache katika dunia waliokosea kama alivyokosea yeye. Hata hivyo jiwe lake ni la thamani, kwa kuwa hilo ndilo andiko la kwanza nje ya Biblia linalowataja Waisraeli kwa jina bila ubishi mkubwa. Tena, waandishi wa Kimisri walikuwa na alama ya kuonyesha nchi au mji, na alama nyingine ya kuonyesha watu. Ile miji imetiwa alama ya nchi. Israeli imetiwa alama ya watu. Basi siku zile walikuwa kundi la watu linalojulikana, ila bado hawakuwa na dola.

Walikaa wapi? Katika karne ya 20 wachimbaji walipita juu ya vilima vya katikati ya Kanaani, wakaona mahame ya vijiji vidogo zaidi ya mia mbili, vilivyoanza kujengwa karibu na mwaka wa 1200 kabla ya Kristo mahali ambapo hapo kwanza watu walikuwa haba. Vilikuwa vijiji vya watu maskini. Hakuna majumba ya kifalme, hakuna vyombo vya anasa kutoka ng'ambo. Kuna mitungi mikubwa ya kuwekea nafaka, mafuta na maji, kuna matuta yaliyojengwa kwa mawe ili mvua isichukue udongo, na kuna visima vilivyochimbwa mwambani vya kuhifadhi maji ya mvua. Mifupa ya kondoo, mbuzi na ng'ombe ni mingi. Ya nguruwe ni haba sana.

Baadhi ya vijiji hivyo vya kwanza vina umbo ambalo mtu wa Bonde la Ufa akilichora mchangani atacheka. Nyumba zimeshikana kwa duara, zikizunguka uwanja mtupu wa katikati ambamo mifugo ililala usiku. Mtaalamu Israel Finkelstein alisema kwamba hiyo ni kambi ya wafugaji wa mahema iliyogeuzwa kuwa mawe, na kwamba wengi wa Waisraeli wa kwanza walikuwa wafugaji walioanza kulima. Wataalamu wengine hawakubali kwamba wote walikuwa wafugaji. Wasema kwamba wengi walikuwa wakulima wa Kanaani waliokimbilia vilimani miji ya mabondeni ilipoharibika. Huenda walikuwa mchanganyiko, na Torati yenyewe yasema kwamba umati wa watu wa namna nyingi ulitoka Misri pamoja nao. Lugha yao nayo ilikuwa lugha ya Kanaani: Kiebrania, Kifoinike na lugha ya Moabu vilikaribiana hata watu hao waliweza kusikilizana.

Sasa dini. Mungu wao walimwita kwa jina la herufi nne, ambalo wengine hulitamka Yehova na wengine Yahwe, nao Wayahudi kwa heshima hawalitamki. Huko Soleb, katika nchi ya Sudani ya leo, kando ya mto Nili, liko hekalu la Farao Amenhotep wa Tatu, wa karne ya 14 kabla ya Kristo. Juu ya nguzo zake yamechongwa majina ya watu waliohesabiwa kuwa chini ya Farao, na miongoni mwao wamo wafugaji walioitwa Shasu, wa nchi ambayo jina lake lafanana na jina hilo la Mungu. Wataalamu wengi hudhani kwamba jina hilo lilijulikana kwanza kwa wafugaji wa nyika za kusini ya Kanaani, na hapo hukumbuka kwamba Musa mwenyewe, kwa habari ya Kutoka, aliitwa na Mungu alipokuwa akilisha kondoo wa mkwewe, kuhani wa Midiani.

Wako watu wadhanio kwamba Waisraeli wote walimwabudu Mungu mmoja tangu siku ya kwanza bila mawaa. Manabii hawasemi hivyo. Wao walilia kila siku juu ya watu waliokwenda kwa Baali na Ashera. Wachimbaji nao wamewaunga mkono manabii. Mahali paitwapo Kuntillet Ajrud, katika jangwa la Sinai, ilipatikana mwaka wa 1975 na 1976 mitungi yenye maandishi ya karibu mwaka wa 800 kabla ya Kristo, ambayo yaomba baraka za Bwana pamoja na Ashera. Basi imani ya Mungu mmoja asiyefanyiwa sanamu ilipiganiwa kwa muda mrefu, kizazi kwa kizazi, na ushindi wake ulikuja hasa baada ya msiba.

Msiba wenyewe ulikuja mara mbili. Baada ya siku za Daudi na Sulemani nchi ilikuwa imegawanyika: Israeli upande wa kaskazini, Yuda upande wa kusini. Mwaka wa 722 kabla ya Kristo Waashuru waliuteka Samaria, mji mkuu wa kaskazini, na mfalme wao Sargon akaandika kwamba aliwahamisha watu zaidi ya 27,000. Hao ndio walioleta maneno ya makabila kumi yaliyopotea. Kwa kweli wengi walibaki mashambani, wengine wakakimbilia Yuda, na waliohamishwa walichanganyika na watu wa Ashuru na Umedi. Hakuna andiko la kale lisemalo kwamba walipanda mto Nili. Mwaka wa 586 Nebukadreza wa Babeli akauchoma Yerusalemu na hekalu lake, akawachukua wakuu wa Yuda mateka. Huko uhamishoni, bila hekalu na bila mfalme, walishika Sabato, tohara na maandiko, wakajifunza kwamba Mungu wao hakufungwa na mpaka wa nchi. Koreshi wa Uajemi alipoitwaa Babeli mwaka wa 539 aliwapa ruhusa kurudi, na hekalu la pili likamalizika mwaka wa 515.

Tukirudi kwa desturi, ni rahisi kuona kwa nini Merker alivutwa. Torati yakataza kupika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na Wayahudi wameifuata amri hiyo mpaka kutenganisha nyama na maziwa katika vyombo. Wamasai wa zamani nao hawakuchanganya nyama na maziwa tumboni. Aliyetaka kula nyama alingoja maziwa yamtoke. Waisraeli walitahiri, Wamasai hutahiri. Waisraeli walikuwa na Mungu wa mbinguni aletaye mvua. Wamasai humwita Enkai, na neno hilo hilo ndilo mvua.

Lakini mzani una pande mbili. Torati yakataza damu kwa ukali kuliko karibu kila chakula kingine, kwa kuwa uhai umo ndani yake. Mmasai alimpiga ng'ombe shingoni kwa mshale mdogo akanywa damu yake, na ng'ombe akaendelea kuishi. Mwana wa Israeli alitahiriwa siku ya nane, naye hakuona haya wala sifa. Kijana wa Kimasai hutahiriwa akiwa na akili zake, mbele ya watu, na kwa tohara hiyo huingia rika. Marika ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa utawala wa Wamasai, na Waisraeli hawakuwa nayo. Wao walihesabiana kwa nyumba za mababa, na wazee wao walihukumu langoni mwa mji. Waisraeli waliwazika wafu wao mapangoni pamoja na baba zao. Wamasai wa zamani waliwaweka wafu nyikani, isipokuwa watu wakubwa. Ama kuhusu kumrithi mjane wa ndugu, kama alivyofanya Tumbainot, Wajaluo walifanya, na makabila mengine mengi yalifanya. Kama hiyo ni hati ya kuingia Israeli, basi nusu ya Kenya wamo.

Hata Pasaka yenyewe huonyesha jambo hili. Wataalamu wengi huona ndani yake sikukuu mbili zilizounganishwa: mwana-kondoo na damu yake mlangoni ni desturi ya wafugaji, na mkate usiotiwa chachu ni desturi ya wakulima wa shayiri. Watu wanaoishi kwa mifugo, wakiogopa ukame na magonjwa ya wanyama, huelekea kuwa na desturi zinazofanana, wawe wako Kanaani au Naivasha.

Lugha nayo yasema wazi zaidi ya desturi. Kimasai ni lugha ya Wanilo, ndugu wa karibu wa lugha za Wasamburu, Waturkana, Wakaramojong na Wabari wa Sudani Kusini, na ndugu wa mbali wa Kikalenjin na Kijaluo. Kiebrania kimo katika jamii nyingine kabisa. Kama kuna lugha za Kenya zenye ujamaa wa mbali na Kiebrania, ni Kisomali, Kiborana na Kirendille, ambazo Merker hakuziandikia kitabu hicho.

Tena msikilizaji asidanganywe na neno moja moja. Kiswahili chasema sita, saba, tisa; Kiebrania chasema shesh, sheva, tesha. Kiswahili chasema roho, nafsi, malaika, salamu. Kiebrania chasema ruach, nefesh, malakh, shalom. Mtu asiyejua angeapa kwamba watu wa Lamu ni kabila la kumi na tatu. Lakini sababu yajulikana: Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ndugu, na Waswahili waliyapokea maneno hayo kutoka kwa Waarabu katika biashara na dini, huku lugha yao yenyewe ikibaki ya Kibantu. Maneno husafiri kwa jahazi bila kumhamisha babu ya mtu.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakati Waisraeli walipokuwa wakijenga vile vijiji vya vilimani, Bonde la Ufa halikuwa tupu. Katika pango la mto Njoro, karibu na Nakuru, Louis na Mary Leakey walichimba mwaka wa 1938 wakaona mifupa ya watu waliochomwa baada ya kufa, pamoja na shanga nyingi za mawe, mabakuli ya mawe na mabaki ya vyombo vya mti. Mambo hayo yana umri wa miaka kama 3,000. Walikuwa wafugaji. Wengine wa namna yao walikaa hapa Naivasha. Mwaka wa 2019 wataalamu walitangaza uchunguzi wa chembe za urithi katika mifupa ya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, yakiwamo mabaki yaliyofukuliwa Naivasha na Hyrax Hill. Waliona kwamba wazee wao walikuwa watu wa namna tatu waliochanganyika: watu wa upande wa Sudani, watu wa kaskazini wenye udugu na wakaaji wa kale wa Afrika ya Kaskazini na nchi za Shamu, na wawindaji waliokuwako hapa tangu zamani.

Mtu mwepesi wa kusema atalidaka neno la Shamu na kupiga makofi. Asifanye haraka. Mchanganyiko ule wa kaskazini ulitokea maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuitwa Mwisraeli, na watu hao hawakuwa Wamasai, ambao walifika katika nyika hizi muda mrefu baadaye. Uchunguzi wa namna hiyo hiyo haukatai kila dai la asili ya mbali. Walemba wa Zimbabwe na Afrika ya Kusini husema kwamba baba zao walitoka ng'ambo, na damu ya wengi wa wanaume wao imeonyesha kwamba kweli wamo waliotoka Mashariki ya Kati. Kila dai lapimwa peke yake.

Je, yote haya yana haja gani kwa mtu afanyaye kazi katika shamba la maua na kulipa kodi ya chumba Karagita? Yana haja, na historia ya hapa yaonyesha.

Mwaka wa 1903 waziri wa Uingereza wa makoloni, Joseph Chamberlain, aliwapendekezea Wayahudi walioteswa Urusi nchi ya kukaa katika Afrika ya Mashariki. Mkutano wao wa Basel mwezi wa Agosti mwaka huo ulipiga kura: 295 walikubali watume watu kuitazama nchi, 178 walikataa. Mahali palipotajwa ni uwanda wa Uasin Gishu, nao waitwa hivyo kwa jina la sehemu ya Wamasai. Watazamaji watatu walifika, wakaizunguka, na mkutano wa mwaka wa 1905 ukakataa. Walowezi wa Kizungu wa Kenya nao walikuwa wameipinga habari hiyo kwa kelele nyingi. Hakuna aliyewauliza Wamasai, Wanandi wala Wakalenjin wengine.

Sasa tarehe na ziwekwe pamoja. Mwaka wa 1904, mwaka uleule Merker alipoandika kwamba Wamasai ni ndugu wa Waisraeli, serikali ya Kiingereza ilifanya mapatano na Olonana na wazee wengine, na Wamasai wakaondolewa katika malisho ya Naivasha na Nakuru ili nchi wapewe walowezi. Waliambiwa kwamba Laikipia ingekuwa yao maadamu wako. Mwaka wa 1911 yakafanywa mapatano mengine, wakaondolewa Laikipia nako. Walikwenda mahakamani mwaka wa 1913 wakashindwa, kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba wa mataifa mawili na mahakama haina uwezo juu yake. Kitabu cha Berlin kiliwapa Wamasai babu mtukufu wa mbali. Hakikuwarudishia hata kisima kimoja.

Tena kulikuwa na ubaya uliofichika katika sifa ile. Waandishi wengi wa Ulaya wa siku hizo waliamini kwamba kila jema lililoonekana Afrika, kama ufalme, chuma, au imani ya Mungu mmoja, lazima lililetwa na wageni kutoka kaskazini. C. G. Seligman aliieneza fikira hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1930 juu ya makabila ya Afrika. Aliyeambiwa kwamba Enkai amekopwa kwa Wayahudi aliambiwa vilevile kwamba mababu zake hawakuweza kumfikiri Mungu wenyewe. Na jirani yake ambaye hakupewa babu mgeni alihesabiwa kuwa chini yake. Maneno ya namna hiyo, ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, hayakuishia vitabuni. Mwezi wa Januari 2008 watu waliuawa Naivasha na wengine wengi wakafukuzwa majumbani, kosa lao likiwa kabila walilozaliwa nalo.

Waisraeli wenyewe hawakusimulia asili yao kwa namna ya kujikweza. Wafalme wa nchi jirani walipenda kujiita wana wa miungu. Mkulima wa Israeli, alipoleta malimbuko ya shamba lake, aliagizwa kukiri mbele ya kuhani kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, na kwamba wazee wake walikuwa watumwa katika nchi ya wengine. Juu ya kumbukumbu hiyo ndipo zilipowekwa sheria nyingi: mgeni asionewe, kibarua alipwe kabla ya jua kutua, pembe za shamba zisivunwe bali waachiwe maskini.

Kwa wale wapendao dini ya Israeli kwa moyo, kuna mfano karibu. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, alikaa karibu na Mbale akisoma Biblia ya Kiganda. Mwaka wa 1919 alijitahiri pamoja na wanawe, akawaongoza wafuasi wake kuzishika amri za Torati. Wafuasi hao waitwa Abayudaya. Kakungulu alikufa mwaka wa 1928. Katika siku za Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku na wengi wakaiacha, lakini mamia machache walibaki wakisali kwa siri. Mwaka wa 2002 marabi kutoka ng'ambo walifika, wakawapokea mamia yao rasmi katika dini ya Kiyahudi. Abayudaya hawadai kwamba ni kabila lililopotea. Wakiulizwa walikotoka, husema kwamba wao ni watu wa Uganda, na kwamba wazee wao waliisoma Torati wakaichagua.